Tupeane uzoefu: ni jambo gani dogo linalokutuliza kila siku?

Mwalimu wa Bagira
Ndugu zangu wa Bukavu, tuongee kuhusu utulivu wa sisi tusio na nafasi. Mimi nafundisha darasa la 4, watoto 58 chumba kimoja. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi giza limeshaingia. Mwaka jana nilifika mahali nikawa namfokea mtoto kwa kuangusha kalamu tu. Nikajiogopa.

Sasa nikifika mlangoni mwa darasa siingii mara moja. Nasimama, navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naitoa polepole kwa hesabu ya sita, mara tano. Ndipo naingia. Hazipiti dakika mbili. Nyinyi mnafanya nini? Naomba mambo ya kila siku, yasiyo na gharama, mliyoyajaribu wenyewe.

Mama wa sambaza, Kadutu
Mwalimu, pole na kazi. Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mwaka wa 11 huu. Wavuvi wanaingia ziwani jua likizama, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wanawasha taa na sambaza wanafuata mwanga. Alfajiri wanarudi, nasi wanunuzi tumeshafika ufukweni tunangoja. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kunaniua. Natoa simu, napiga hesabu: deni la huyu, karo ya mtoto, kodi ya nyumba. Mtumbwi unafika nami nimechoka kabla siku haijaanza, na mvuvi wa kwanza nagombana naye juu ya bei.

Siku moja simu ilizimika, maana mtaani umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Nikakaa tu juu ya jiwe. Nikawasikia wanavyoimba wakipiga kasia. Miaka yote hiyo wanaimba, nami sikuwa nawasikia! Tangu hapo simu inakaa ndani ya beseni, chini ya kitenge, mpaka mtumbwi uguse nchi kavu. Kazi yangu ni kusikiliza wimbo ukisogea. Ni robo saa hivi.

Na madeni? Nimeyapa siku yake. Jumamosi jioni, daftari mezani, baba watoto pembeni, tunayapitia yote. Deni likija kunigongea kichwani Jumanne usiku, naliambia kwa sauti kabisa: ngoja Jumamosi.

Mtihani wangu ni siku za mwezi mpevu. Ziwa likiwa jeupe, sambaza hawaifuati taa vizuri, wavuvi wengi wanapumzika, beseni linabaki kavu. Zamani siku hizo nilishinda kitandani moyo unadunda. Sasa naamka saa ile ile, nakaa uani na chai yangu. Pesa haiji kwa hilo, lakini watoto wanakunywa chai na mama asiyefoka.

Mchuuzi wa ng'ambo
Mimi navuka mto Ruzizi kwenda Rwanda kila asubuhi na bidhaa kichwani. Foleni ya mpakani nimeifanya mahali pa sala: fumbo moja la rozari kwenda, moja kurudi. Foleni haijafupika. Mimi tu ndiye sisukumani tena na watu.

Mwanafunzi, Panzi
Samahani Mwalimu, kwangu pumzi hazikufaa. Nikitulia na kufumba macho, nayaona niliyoyaacha kijijini tulipokimbia. Kifua kinabana zaidi. Nilidhani nina kasoro. Kilichonisaidia ni kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mama mkubwa alinipa mchi akaniambia nimalize kinu kizima, macho wazi, mikono kazini. Mdundo ule unanishika. Siku hizi kila jioni kinu ni changu, hata dada zangu wakitaka kunipokea nakataa.

Muuguzi wa zamu, Ibanda
Mdogo wangu wa Panzi, huna kasoro. Waliopitia mabaya wengi wanapata hivyo wakifumba macho, na kazi ya mikono yenye mdundo ni njia nzuri. Lakini picha hizo zikikunyima usingizi wiki baada ya wiki, usibebe peke yako, fika kituo cha afya uzungumze na mtu.

Kwa Mwalimu: ukirefusha pumzi inayotoka kuliko inayoingia, moyo wenyewe unapunguza mwendo. Shika mshipa wa mkono utausikia. Na mimi niongeze langu. Kahawa yetu ya Kalehe na Idjwi naipenda sana, ila nikiwa na zamu ya mchana naikomesha saa sita. Ukishainywa, hata zikipita saa tano hivi, kama nusu ya nguvu yake bado iko mwilini. Nilikuwa nakunywa saa kumi jioni, kisha nalala nikihesabu mabati.

Mwalimu wa Bagira
Asanteni sana. Mdogo wangu wa Panzi, nimejifunza kwako: sitamlazimisha mtoto yeyote kufumba macho.

Mama wa sambaza, nimeiga lako la simu, sasa inalala ndani ya mkoba mpaka mapumziko. Na jana mvua ilipiga bati hadi sauti yangu ikapotea. Zamani ningepasua koo. Niliandika ubaoni: TUSIKILIZE. Tukahesabu pumzi 5 kwa vidole, macho wazi, darasa zima. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono, akaonyesha kidole cha 6.