Picha za Pwani zilizoamsha kazi yako: tupeane uzoefu

Msusi wa Soko (mwanzisha uzi)

Habari zenu wasee. Mimi ni msusi, niko Kenyatta Market mwaka wa kumi na moja sasa. Nimefungua uzi huu kwa sababu kuna jambo lilinitokea Pwani na sijapata wa kulizungumza naye. Wenzangu kibandani wanasema nilipigwa na jua tu.

Mwaka jana nilikuwa nimechoka, na si mikono, ni kichwa. Mteja anakaa, anatoa simu, anakuonyesha msichana wa Lagos au Atlanta: "Nataka hii." Unamsuka hiyo. Anayefuata naye ana picha ileile. Ilifika mahali vidole vinasuka huku mimi nawaza bei ya sukari. Ungeniambia nitunge mtindo wangu mwenyewe ningekutolea macho.

Desemba chama chetu kikaamua kushuka Mombasa. Wanawake tisa, treni ya asubuhi kutoka Syokimau, nyumba ya kukodi Bamburi. Siku mbili za kwanza tulipiga zile picha mnazozijua: za kuruka juu, za kofia pana, za dafu lenye mrija. Siku ya tatu niliamka kabla ya wote kwa sababu kuna mama mmoja anakoroma kama jenereta (anajijua), nikatoka na simu.

Maji yalikuwa yametoka, si sana, lakini yameacha kipande cha mchanga chenye matuta. Sasa nyinyi mkisikia matuta mnawaza barabara. Mimi nikisikia matuta nawaza kichwa. Jua ndio lilikuwa linachomoza, limelala chini kabisa, linapiga kutoka baharini, kila tuta upande mmoja unang'aa na upande wa pili mweusi kama umechorwa na penseli. Nikachuchumaa. Nikaona kitu ambacho miaka yote sijakifikiria: matuta yale hayaendi moja kwa moja. Mawili yanakimbia pamoja, yanakutana, yanakuwa moja, hatua moja mbele linapasuka tena. Mimi nilifundishwa mstari uanze kwenye paji la uso ufike kisogoni bila kugusa jirani yake. Ukigusa, umeharibu.

Nikaiweka simu karibu iguse mchanga, nikapiga picha kama arubaini. Baada ya nusu saa jua lilipanda na matuta yakapotea. Yaani nimeyakanyaga, nayasikia chini ya nyayo, lakini machoni mchanga ni tambarare tu. Baada ya siku mbili nikarudi saa ileile: maji yamefunika pahali pangu pote. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza wavu alinicheka. "Mama, maji hayafuati saa yako. Kila siku yanachelewa." Kumbe ni kama dakika 50 kila siku. Nina umri huu na sikujua.

Nilipofika Nairobi nilimkamata binti yangu nikajaribu. Mara ya kwanza alitoka na kichwa kama ramani ya Githurai, akalia, nikafumua. Mara ya pili niliweka picha mbele yangu kwenye kioo, nikafuata tuta moja tu hadi mwisho ndipo nikaongeza la pili. Ikatoka. Jumamosi iliyofuata mteja aliyemwona mtoto kanisani akaja bila picha kwenye simu. Akasema, "Nataka ile ya mtoto wako."

Sasa leteni zenu. Sitaki picha nzuri, hizo ziko kila mahali. Nataka mniambie ulipiga nini huko, na ukiwa umerudi hapa kazini kilikufaa vipi.

Safari Nusu

Mimi nianze na aibu. Nilienda Diani siku nne kutafuta msukumo wa kutengeneza kalenda ya biashara. Nilitaka picha ya jua likizama baharini. Jioni ya kwanza nimesimama ufuoni, nimeelekeza simu kwenye maji, nangoja. Giza linaingia. Nikageuka: jua liko nyuma yangu, linazama juu ya paa za hoteli na minazi. Dada, Pwani yetu inatazama mashariki! Jua huzama bara. Na asubuhi, linapochomoza baharini, nilikuwa nalala mpaka saa tatu. Nilirudi na picha 1,400 za kitu ambacho sijui ni nini. Kalenda niliweka twiga.

Brashi Moja

😂😂 Safari Nusu pole.

Mimi huchora matatu, kazi yangu ni ndani ya gereji huko Eastlands. Nilienda Lamu Agosti, kusi linavuma mpaka kofia haikai. Nitasema ukweli, siku ya kwanza nilipiga milango. Kila anayeenda Lamu anapiga milango, mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na hiyo milango imepigwa picha hadi imezoea. Nilipiga kama 200. Hakuna hata mmoja ulionisaidia, kwa sababu aliyeuchonga alishamaliza kazi yote. Mimi nibakishe nini?

Kilichonisaidia nilikikuta Matondoni, kile kijiji cha mafundi wa vyombo. Kulikuwa na mashua imepandishwa juu, imeegemezwa magogo, fundi yuko chini yake anaitia kalafati: anachukua uzi wa pamba, anaulaza kwenye mwanya wa mbao, anaupigilia kwa tindo, tak tak tak, anasonga kidogo, tak tak tak. Kunanuka sifa. Kama hujui sifa, ni mafuta ya papa, wanapaka mbao zisioze, na harufu yake utarudi nayo hadi nyumbani. Nilisalimia, nikakaa, nikaombwa nishike kamba, nikashika. Baada ya saa nzima ndio nikauliza kama naweza kupiga picha.

Ubavuni karibu na omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, rangi ilikuwa imebanduka. Juu kijani. Chini ya kijani bluu. Chini ya bluu nyekundu iliyochujuka kama matofali, halafu nyeupe, halafu mbao. Nilihesabu rangi nne kwenye kipande kisichozidi sarafu ya shilingi ishirini. Fundi akasema chombo kikipandishwa wanakwangua palipolegea, wanapaka juu, maisha yanaendelea. Hakuna anayetoa yote. Niliweka simu karibu mpaka ikakataa kuona, nikarudi nyuma kidogo, nikapiga.

Hapa Nairobi gari jipya likija unataka ling'ae kama kioo. Mimi nikachukua mlango wa dereva wa matatu moja, nikapaka rangi nne moja juu ya nyingine, kila moja ikauke vizuri, kisha nikachukua msasa wa maji nikaanza kuzilamba polepole. Unasugua hapa bluu inachungulia, unasugua pale nyekundu inatokea kama kisiwa. Mwenye gari alipokuja akashika kichwa: "Kwani gari yangu imeoza?" Alitaka nirudie yote bure. Nilikuwa nimeshashika brashi, roho imevunjika, ndipo makanga wake akasema, boss, ngoja tuitembeze wiki moja kwanza. Mpaka leo haijarudiwa. Siwezi kusema nimekuwa tajiri, lakini wawili wamekuja wakauliza "ile ya kuoza" ni pesa ngapi.

Msusi wa Soko

Brashi, hiyo ya makanga imenifurahisha. Na umenifungua macho kuhusu milango. Nami nilipiga nguo za hariri madukani Mombasa, nzuri ajabu, hazijanipa chochote. Mchanga ndio ulionipa.

Mtoto wa Likoni

Asalaam aleikum. Mimi kwetu ni Likoni, kazi ndiyo iliyonileta Nairobi, nakaa South B. Nimesoma kwa raha, ila nina neno. Brashi Moja amefanya adabu, alikaa kwanza. Wengi wenu hamfanyi hivyo. Shangazi yangu anapika viazi karai kibarazani pake. Kila Desemba mtu anasimama, hata salamu hatoi, anampiga picha, anaenda. Mara moja tulimkuta shangazi kwenye tangazo la watu, hakuna aliyemuuliza. Hata kama nia yako ni sanaa, sema shikamoo kwanza. Ukikataliwa, nunua viazi uende.

Na msidhani picha Pwani zimeletwa na watalii. Miaka ya 1990 kando ya feri ya Likoni kulikuwa na vibanda vya wapiga picha, ndani wametundika pazia lililochorwa meli, ndege, maghorofa. Wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Anavaa shati lake zuri, anapigwa mbele ya ndege, picha anaituma kijijini. Mjomba wangu anayo moja, mguu ameuinua kidogo kana kwamba anapanda ngazi ya ndege. Hajawahi kupanda ndege mpaka leo. Na Lamu alikuwako Omar Said Bakor, alijifunza mwenyewe, alikuwa anakata picha kwa mkono na kuziunganisha, kompyuta hakuna. Hao ndio wa kuwaiga kama mnatafuta msukumo.

Kwa dada Msusi: mzee alikwambia kweli lakini hakukumalizia. Kwetu Mombasa siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukupwa sana, lakini hukupwa kama saa nne, saa tano asubuhi. Jua limeshapanda, matuta yako huyaoni. Ukitaka maji yatoke na jua likiwa bado chini, enda siku tatu nne kabla ya bamvua. Uliangukia siku nzuri bila kujua.

Picha za Arusi

Yangu ni fupi. Napiga picha za arusi, Githurai na viunga vyake. Tatizo langu la miaka yote: nyuso zetu nyeusi juani saa saba, macho ni mashimo. Nikaenda likizo Watamu na mke wangu, nikampiga amesimama kivulini chini ya mti wa mkungu, anatazama mchanga mweupe uliokuwa juani. Uso mzima uling'aa kutoka chini, laini, macho yana nuru. Mchanga ulikuwa unarudisha mwanga! Tangu hapo kwenye buti ya gari nina shuka jeupe. Namweka bibi arusi kivulini, shuka naitandaza juani mbele yake, basi. Mashangazi huniuliza kama tunakaa chini kula.

Onyo: ukitoka chumba chenye kiyoyozi usitoe kamera mara moja, lenzi itajaa ukungu. Iache ndani ya begi nusu saa izoee joto. Na jioni ipanguse chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nilijifunza kwa lenzi iliyokwama.

Kalamu Kavu

Mimi ni mwalimu, naandika hadithi fupi usiku watoto wakilala. Nilikuwa sijaandika tangu shule zifungwe ile 2020. Nilipoenda Kilifi nilijiwekea sheria: picha 36 tu kwa siku tatu, kama ule mkanda wa filamu wa zamani. Ukijua zimebaki tisa, unatazama kitu mara mbili kabla ya kubonyeza.

Siku ya pili nikamwona mama anaanika pweza kwenye kamba, mmoja mmoja, anawakunjua mikono kama anayeanika soksi. Nikaomba. Akakataa. Nikasema sawa mama, samahani, nikaanza kuondoka. Akaniita: "Uso sitaki. Piga kanga." Akanigeuzia mgongo, akaivuta ikanyooka ili nisome: Usisafirie nyota ya mwenzio. Akakaa hivyo hivyo mpaka nikamaliza, kisha akarudi kwa pweza wake kama mimi sipo.

Hiyo picha ni mgongo tu, na kidole kimoja kinachovuta pindo. Lakini kila nikiitazama najiuliza anaangalia nini huko mbele. Hadithi niliyoandika inaanzia kwenye kile kidole. Kurasa kumi na nne, na uso wake haumo.

Mtoto wa Likoni

Huyo mama amekuheshimu, mwalimu. Na wewe umemheshimu.

Safari Nusu

Mwalimu, 36 kwa siku tatu? Mimi 36 nilipiga za sahani ya mahamri na mbaazi.

Msusi, nataka kurudi Aprili nijikomboe. Unasemaje?

Mtoto wa Likoni

Aprili ni kusi na mvua za masika, kaka. Maji yanachafuka, ufuo unajaa mwani. Wenye hoteli hushusha bei kwa sababu hiyo.

Brashi Moja

Si aende tu? Mwani uliokauka una rangi zake. Kahawia, zambarau, ile nyeusi ya chai ya jana. Msusi, hiyo unaisukaje?

Msusi wa Soko

Niletee picha, karibu kabisa, jua likiwa chini. Safari Nusu, jua huchomoza UPANDE WA MAJI, weka kengele ya saa kumi na moja.

Na wale walioniuliza kwa siri kuhusu matuta ya Bamburi: njooni Jumanne, Jumamosi kuna foleni. Inachukua masaa matano, kwa hivyo beba chakula. Binti yangu anasema nikiwasuka wengi atataka asilimia, kwa sababu kichwa cha majaribio kilikuwa chake.