Mjadala: Ukifungiwa akaunti ya gemu, kampuni ilazimishwe kukuambia kosa?

Mtu wa Langoni
Assalaam aleikum jamaa. Mdogo wangu kafungiwa akaunti ya gemu ya risasi, milele, kwa mstari mmoja: "Umekiuka masharti." Yapi? Kimya. Akakata rufaa, jibu likarudi papo hapo: uamuzi haubadiliki. Hapo hakuna binadamu aliyesoma kitu. Na mle ndani mna nguo na silaha alizonunua kwa M-Pesa, hela aliyopata likizo akibeba mizigo ya wageni jeti. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake jambo linalokuathiri sana. Mie nasema iwabane na hawa wenye gemu.

Bahari Kuu
Waaleikum salaam. Pole, lakini mwizi wa gemu, anayecheza kwa programu ya kuibia, akijua kilichomnasa, kesho harudi na ileile, huja na nyingine. Ndiyo maana kampuni nyingine hungoja, kisha hufungia watu kwa mafungu, wasijue nini kimewaumbua. Wewe hujacheza na mtu anayekupiga risasi ya kichwa huku ukuta uko katikati! Halafu muulize almasi, zile pesa za ndani ya gemu, alinunua wapi. Madalali wengine wa bei rahisi hutumia kadi za wizi. Mwenye kadi akidai hela yake benki, anayefungiwa akaunti ni aliyepokea almasi.

Mtu wa Langoni
Kaka, sijaomba wanionyeshe mtego. Wataje aina ya kosa na siku: "programu ya kuibia, Jumanne usiku," au "malipo yamerudishwa." Mwizi atajifunza nini hapo?

Dada wa Mkomani
Kwetu simu moja huchezewa na watoto wote wa nyumba. Mmoja akiweka programu ya kuibia, wakati mwingine hufungwa simu yenyewe, na wenzake kila wakifungua akaunti mpya nayo hufa. Kosa la nani hapo?

Bahari Kuu
La mwenye simu, samahani dada. Na hicho kifungu cha 35 kina mlango wa kutokea: haki hiyo haipo kama uamuzi ni wa lazima kutimiza mkataba, au kama wewe mwenyewe ulikubali. Nani hapa hajabonyeza "nakubali" bila kusoma?

Dada wa Mkomani
Huyo mdogo ana miaka mingapi?

Mtu wa Langoni
15.

Dada wa Mkomani
Basi soma kifungu cha 33. Data ya mtoto yataka idhini ya mzazi au mlezi. Mamako alibonyeza lini?

Bahari Kuu
Haya, hapo umenibana. Mwandikieni Kamishna wa Data tuone.