Mjomba anataka kuyatia leminesheni makaratasi ya babu. Nisaidieni

MjukuuWaNgamiani
Wakuu, salaam. Niko Tanga, Ngamiani, nyumba ya urithi. Baada ya arobaini ya babu tulifungua kasha lake. Chini ya kanzu na saa mbili zisizotembea, tumekuta karatasi mia na kitu zimefungwa kwa kaniki. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, vipande vinne vinne, kwa hiyo ni tenzi. Nyingine wino ni mweusi tii. Nyingine umekuwa kahawia na kuitoboa karatasi, na kurasa kama sita hazisomeki kabisa.

Mjomba anaapa ni utenzi wa Hemedi bin Abdallah wa vita vya Wadachi (Wajerumani), na ameshauliza bei ya leminesheni steshenari. Nimeficha ufunguo. Nina simu tu. Nipige picha vipi, na ipo programu ya kuzisoma? Mimi madrasa niliishia juzuu amma.

Khatibu_Pangani
Ufunguo endelea kuuficha. Leminesheni ni moto na plastiki, ikishaganda haibanduki bila kuondoka na karatasi.

Kabla hujapanga chochote, tazama chini ya kurasa, pembeni kushoto. Ukikuta neno moja limekaa peke yake, hilo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Waandishi wa zamani hawakuweka namba, walifungisha kurasa kwa maneno.

Piga karibu na dirisha, si juani, na flashi uzime. Simu itazame chini wima, rula pembeni ya karatasi, namba uiandike kwenye kijikaratasi, usiguse ukurasa wenyewe. Usizitume WhatsApp kama picha, itazibana. Tuma kama dokumenti. Nakala moja ikae nje ya nyumba hiyo.

Kuhusu mjomba: utenzi huo ulishachapwa mwaka 1955, kwa kazi ya mtafiti J.W.T. Allen. Linganisha beti. Zikitofautiana ndiyo nzuri zaidi, maana mtungo mmoja ulinakiliwa na mikono mingi.

chumbageni_boi
Mjomba apewe kazi ya kushika rula 😂

WinoMweusi
Mweusi tii huenda ni wa masizi, haupauki. Wa kahawia unaokula karatasi ni dalili ya wino wenye chuma. Huo ukipauka bado unanyonya mwanga wa urujuanimno. Azima dukani ile taa ya kukagulia noti bandia, ndiyo inayotoa mwanga huo, zima taa za chumbani, mulika sekunde chache tu, piga picha. Karatasi itang'aa, maandishi yatabaki meusi. Wataalamu wa makumbusho ya Walters, Baltimore, Marekani, walitumia mwanga huohuo, pamoja na rangi nyingine, kusoma maandishi ya Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, yaliyokwanguliwa ili juu yake iandikwe sala. Wao walikuwa na mitambo, lakini msingi ni uleule.

Programu zipo, Transkribus mojawapo. Ila hufundishwa mwandiko kwa kurasa ambazo binadamu ameshazinakili. Na hati zetu zina mtego: herufi ba hiyohiyo moja husimama kwa p, b au mb, kwa hiyo neno linaweza kuwa pata, bata au mbata. Tafuta mzee anayesoma, umrekodi sauti.

MjukuuWaNgamiani
Mrejesho. Taa ya noti nimeazima kwa muuza duka wa jirani, kwa sharti nimrudishie kabla ya magharibi. Kurasa nne kati ya sita zimetoa maandishi! Mbili hamna kitu.

Msomaji naye nilikuwa naye ndani: bibi mdogo, dadake babu. Miaka yote najua anasoma Kurani tu. Nimemkuzia picha kwenye simu, kakataa, katafuta miwani na karatasi yenyewe. Hasomi, anaghani. Nilipomuuliza pale ni "pata" au "bata" akanitazama kama nimetukana: "Bata atafika vitani kufanya nini?"

Mjomba kanyamaza, sasa ndiye mshika taa. Rekodi imefika dakika arobaini. Kuna ubeti bibi kaufikia akacheka mpaka machozi, akageuza simu kifudifudi. Anasema huo atanisomea nikishaoa.