Naomba ushauri: "lime" hii ni chokaa, ndimu au mti?

Jambo yenu wote. Niko Bukavu, ninatafsiri kijitabu cha Kiingereza kwa ajili ya wakulima wa Walungu, na neno moja limenikwamisha: lime. Mwanzoni wanasema imwagwe shambani kupunguza tindikali ya udongo. Hiyo ni chokaa, sina shaka. Mbele kidogo wanakamua juisi yake, basi ni ndimu. Lakini kwenye sura ya nyuki wanataja maua ya lime huko Uingereza. Nusura niandike maua ya ndimu!

Mwalimu mmoja wa Kiingereza ameniambia ni maneno matatu yaliyokutana tu: la chokaa ni la Kiingereza cha kale, la tunda asili yake ni Kiarabu, la mti zamani lilikuwa lind. Kwa Kifaransa mti huo ni tilleul. (Na sisi tuliosoma Kifaransa, lime kwetu ni tupa ya fundi. Tabu juu ya tabu.)

Sasa wandugu, mti huu una jina la Kiswahili, au niache tilleul? Na nikiandika "chokaa" peke yake, mkulima hatafikiri ni ile ya kupaka ukuta?