Kapasita badala ya betri kwenye sola ndogo, inawezekana?

taa_ndogo:
Wakuu habari zenu. Nina paneli ya wati 10, zile za volti 18, inawasha taa moja ya LED ya volti 12 wati 3, nataka iwake kama masaa 6 hivi kila usiku. Shida yangu ni betri. Natumia hizi za risasi za volti 12 ampea 7, kila nikiweka mpya mwaka hauishi inaanza kuvimba ubavuni, chaji haikai, taa inafifia mapema. Sasa nimesoma kuhusu superkapasita, yaani kapasita kubwa za kuhifadhi umeme, kwamba unaichaji na kuimaliza mara laki 5 mpaka milioni na bado nzima, haina asidi, inajaa chap. Nimepata sita za faradi 500 (faradi ndiyo kipimo cha ukubwa wa kapasita), kila moja volti 2.7, nataka niziunge mfululizo nipate volti 16 na kitu, betri niachane nayo kabisa. Kwa sasa paneli imeungwa moja kwa moja kwenye betri kupitia diodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, katikati hakuna kitu kingine. Nikiziweka kapasita pale pale betri ilipokuwa itakubali? Na taa itawaka muda gani? Msaada tafadhali nataka kufunga wiki hii.

fundi_waya:
Mkuu kabla hujashika waya tupige hesabu, maana hii ndiyo sehemu inayoumiza watu wengi. Nishati iliyomo kwenye kapasita ni nusu ya faradi, zidisha kwa volti, zidisha tena kwa volti. Unapata juli, gawa kwa 3600 zinakuwa wati-saa. Kapasita yako moja ikijaa ina juli kama 1,820, yaani nusu ya wati-saa tu. Sita ni wati-saa 3. Na usidhani kuziunga mfululizo kunaongeza kitu, volti zinapanda lakini faradi zinashuka, 500 gawanya kwa 6 unabaki na 83 hivi, nishati ni ile ile.

Taa yako wati 3 kwa masaa 6 inataka wati-saa 18. Unaona pengo lilivyo.

Na hata hizo 3 huzipati zote. Betri ukiitumia volti zake zinakaa karibu pale pale mpaka ikaribie kuisha, kapasita hapana, volti zinaanza kushuka dakika ile ile unapowasha taa. Zikifika nusu, yaani 8, umeshatumia robo tatu ya nishati, ila taa yako ya volti 12 imeshazimika zamani kama umeiunga moja kwa moja. Lazima uweke kibadilisha volti kinachoweza kushusha na kupandisha, nacho kinakula chake asilimia 10 mpaka 15. Ukitoa hayo yote unabaki na wati-saa 2 za kutumia, taa itawaka dakika 40. Ukitaka masaa 6 utahitaji kapasita 54 za aina hiyo.

taa_ndogo:
Duh, 54! Asante mkuu sikujua iko hivyo. Lakini sasa nirudi kwenye betri zile zile zinazokufa? Mbona wengine wanasema wanatumia kapasita na zinawafaa?

mama_sakiti:
Wanaosema zinawafaa hawasemi uongo, mimi ni mmoja wao, inategemea tu unataka kuwasha nini. Ninazo kwenye vifaa vya kupima unyevu wa udongo, kila kimoja kina paneli ndogo sana na kapasita, kifaa kinalala muda wote, kinaamka mara moja moja kinapima kinatuma namba kinalala tena. Pale betri haiingii hata kidogo kwa maoni yangu. Kifaa kimefungwa mahali ambapo hutaki kurudi kila mwaka kubadilisha, na kwenye baridi ya kuganda betri ya lithiamu ya kawaida hairuhusiwi kuchajiwa ila kapasita nyingi zinafanya kazi mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa kazi hiyo ni kifaa cha heshima kabisa.

Ila kuna jambo watu wanalipita juu juu, nalo ni uvujaji. Kapasita inapoteza chaji yenyewe hata bila kuunganishwa na kitu, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo inavyovuja zaidi. Ya faradi 100 inaweza kuvuja karibu robo ya miliampea hata baada ya kukaa kwenye chaji siku kadhaa, wakati kifaa changu kikiwa kimelala kinakula sehemu ndogo sana ya hiyo. Kwa hiyo ukiweka likapasita likubwa ukidhani unajipa akiba, unakuta linajimaliza lenyewe kuliko kifaa kinavyolitumia!! Chagua inayotosha kuvuka usiku mrefu zaidi na mawingu kidogo, basi.

Jambo jingine ni joto. Joto likipanda nyuzi 10 maisha ya kapasita yanapungua karibu nusu, vile vile ukiikalisha kwenye volti zake za mwisho muda wote. Huo milioni wa kuchaji ni kweli lakini miaka nayo inahesabika, kwa hiyo usiifunge mgongoni mwa paneli ambako jua linachoma, na ya 2.7 ishikie 2.5 inatosha.

nukta_volti:
Nirudi kwa mleta mada, naona wote mmeruka kitu alichoandika mwenyewe. Paneli imeungwa kwenye betri kwa diodi tu, hakuna kontrola ya chaji, kile kifaa kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi wala kuisha kabisa. Ndugu yangu betri zako hazifi kwa sababu ni betri, zinachemshwa! Paneli ya wati 10 inatoa kama ampea 0.55 jua likiwa kali, betri ya ampea 7 ikishajaa mchana bado inasukumiwa tu, volti zinapanda zinapita 15, maji ya ndani yanageuka gesi, betri iliyozibwa haina pa kuongezea maji, inakauka na kuvimba. Huo uvimbe wa ubavuni ndio huo. Halafu siku za mawingu hakuna kitu cha kuikata isiishe kabisa, inakaa tupu, sahani za risasi za ndani zinashika salfeti, utando unaozuia chaji. Unaiua pande zote mbili. Taa yako inakula wati-saa 18 kwenye betri yenye 84, hiyo ni kama asilimia 21, mzigo mwepesi kabisa, ingetakiwa idumu.

Na ukiziweka kapasita pale pale kama ulivyouliza mambo yatakuwa mabaya zaidi. Paneli hiyo bila mzigo inafika volti 21 mpaka 22, kapasita zako sita mwisho ni 16.2. Paneli ya wati 10 inazijaza kutoka sifuri kwa dakika kama 40 za jua kali, baada ya hapo hakuna wa kuizuia, zitapita kiwango, zitavimba, zitatoa dawa yake nje. Tena zikiwa mfululizo hazijai sawa, ile yenye faradi chache kidogo ndiyo inatangulia kupanda, unaweza kuona jumla ni 15 ukafurahi kumbe moja iko 2.9 na nyingine 2.3. Ndiyo maana zinawekewa vibao vya kusawazisha, kimoja kwa kila kapasita.

taa_ndogo:
Aisee sasa nimeelewa kwanini zinavimba. Je nikinunua kontrola ya kawaida ya betri nikaiunga na kapasita hizi, si itazikata zikijaa?

nukta_volti:
Kontrola nyingi hazitawaka kabisa, zinapata umeme wa kujiendesha kutoka kwenye betri, kapasita tupu ni volti sifuri kwa hiyo inakaa imezima. Ukiijaza kwanza pembeni itawaka, itaishia 14.4, na usiku itakata taa ikifika 11 hivi kwa sababu inadhani ni betri inayoisha. Kati ya 14.4 na 11 kuna asilimia 42 tu ya kilichomo, kama wati-saa 1. Dakika 20 za taa yako.

kelele_za_pampu:
Naongezea upande mwingine maana naona kapasita inaonewa hapa. Kama una mota, mfano pampu ndogo ya volti 12, ile sekunde ya kuanza inavuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida, betri ndogo inashuka volti, kontrola inakata, pampu inajaribu tena, inakatwa tena. Weka rundo la kapasita sambamba na betri, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zenyewe zinatoa ule mshtuko wa mwanzo halafu betri inaendelea na kazi taratibu. Mimi hapo nimeona tofauti kubwa, pampu inashika mara moja.

Onyo lakini, tena naliandika kwa uzito wote: USIUNGE kapasita tupu moja kwa moja kwenye betri. Ni shoti kamili, ukinzani wake wa ndani ni mdogo mno. Chukua balbu ya gari ya volti 12, ile ya taa kubwa ya mbele, iweke katikati kwenye waya wa chanya. Itawaka kwa nguvu, itaanza kufifia taratibu kuwa ya machungwa halafu nyekundu hafifu, ikizima ujue volti za pande mbili zimekaribiana, ndipo uunge waya wenyewe. Na weka fyuzi. Na pete vua mkononi, rundo la hivyo likiwa limejaa spana ikigusa ncha mbili inaweza kunasa hapo hapo.

mpita_njia77:
Samahani naingilia mada, vipi haya maboksi yanauzwa yameandikwa betri ya superkapasita, wati-saa 1000 na kuendelea, unabeba kwa mkono mmoja? Si ndiyo jibu la huyu jamaa?

fundi_waya:
Pima kwa kilo. Kapasita ya kweli ya faradi 3000 ina uzito wa kama nusu kilo na inabeba wati-saa 3. Wati-saa 1000 kwa teknolojia hiyo ni zaidi ya kilo 150, hakuna wa kuzibeba kwa mkono mmoja. Boksi la kilo 10 lenye wati-saa 1000 ndani kuna seli za lithiamu, hata kama nje kumeandikwa nini. Zinaweza kuwa seli nzuri tu, lakini usilipie zaidi kwa ajili ya jina, na zile ahadi za kuchaji mara milioni zisahau.

Njia ya kuhakikisha bila kufungua: weka mzigo wa ampea zisizobadilika na uangalie mita. Kapasita inashuka kwa mwendo mmoja, kwa mfano rundo la mleta mada la faradi 83 ukilitoa ampea 1 linapoteza volti 1 kila sekunde 83 hivi, 16, 15, 14, 13, bila kupumzika popote. Boksi la lithiamu litashuka kidogo mwanzoni, litakaa hapo hapo muda mrefu, halafu mwishoni linaporomoka ghafla.

taa_ndogo:
Nimewasoma wote asanteni sana, mmeniokolea fedha na pengine na mkono. Naacha kapasita kwenye taa. Nafikiria seli za LiFePO4 (aina ya betri za lithiamu) za ampea 6, nne mfululizo, na kontrola. Kapasita zangu zitaenda kwenye kengele ya mlangoni yenye kihisio, nimeona maelezo ya mama_sakiti yanafanana nayo.

mama_sakiti:
Kwa kengele zote sita ni nyingi, anza na mbili mfululizo kwa volti 5 na vibao vyake vya kusawazisha, na kibadilisha volti kidogo. Angalia kengele ikiwa imetulia inakula miliampea ngapi kabla ya kitu kingine chochote.

nukta_volti:
Seli nne ni volti 12.8 na wati-saa karibu 77, zinatosha taa yako usiku 4 bila jua hata chembe. Hakikisha kontrola ina chaguo la LiFePO4 isipande zaidi ya 14.4, na kibao cha kulinda seli kiwepo. Siku ya kufunga unga betri kwanza, paneli ifuate, ukitoa anza na paneli. Ile diodi itoe, kontrola nyingi zinazuia zenyewe umeme usirudi kwenye paneli usiku, hutaki kupoteza hata nusu volti pale.