Shingo imezidi kuuma tangu niinue skrini ya kompyuta, naombeni ushauri

Mchapaji256:
Habari zenu ndugu zangu. Napanga kadi za harusi na kalenda hapa Nasser Road, Kampala. Nakaa mbele ya kompyuta ya mezani tangu saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, na msimu wa harusi napitiliza. Skrini yangu ni ya zamani, inchi 17, mguu wake haupandi wala haushuki, unalala mbele na nyuma tu. Mwezi uliopita mwenzangu aliniambia nafanya kazi nimeinama mno, eti ukingo wa juu wa skrini unatakiwa ulingane na macho. Nikaweka rimu tatu za karatasi chini yake. Rimu moja ya A4 ni kama sentimita 5, kwa hiyo imepanda 15.

Badala ya kupata nafuu, ndiyo imezidi. Ikifika saa nane mchana nasikia kama nimebanwa na koleo pale shingo inapoungana na kichwa. Jana nilikuwa navuka barabara, nikashindwa kugeuza shingo kulia kutazama boda inayokuja. Niliogopa sana. Niongeze rimu ya nne?

KijanaWaMbale:
Ongeza tu. Mimi nimeweka nne na niko sawa.

FundiNdeeba:
Urefu wako na wake si mmoja, usiige. Anza na kiti. Kaa, nyayo zitue sakafuni, viwiko vikunjwe vizuri usawa wa kibodi, mabega yasipande. Meza nyingi zina sentimita 75 hivi, na mtu mfupi zinamzidi. Ikiwa ni hivyo, inua kiti halafu weka kreti ya soda chini ya miguu. Skrini inapimwa mwisho, kiti kikishatulia. Ukibadilisha kiti baadaye, vipimo vyote vya skrini vimeharibika.

Na hizo rimu, ssebo, ziondoe. Kwenye duka la uchapaji karatasi ikiisha, mtu atachomoa moja bila kukuuliza. Vipande vya mbao vinavyobaki huku kwetu Ndeeba vinatosha kutengeneza kistuli cha skrini, urefu sentimita 60, upana 25, na kibodi inaingia chini yake.

BintiBombo:
Kaka, samahani, unavaa miwani? Kama ndiyo, ya aina gani?

Mchapaji256:
Navaa, dada. Nina miaka 48. Ni ile yenye sehemu mbili, juu ya kuonea mbali, chini ya kusomea. Nilipewa miezi mitatu iliyopita.

BintiBombo:
Basi tatizo ni hapo. Ule ushauri wa ukingo wa juu kulingana na macho ni wa kweli, lakini ni kwa anayetazama kupitia lenzi nzima. Wewe sehemu yako ya kusomea iko chini. Skrini ikipanda, unalazimika kunyanyua kidevu ili uisome kupitia sehemu ile, na kichwa kinalalia nyuma siku nzima. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi, na shingo ndiyo inayoubeba mzigo huo.

Mwombe mwenzako akupige picha ya ubavuni ukiwa kazini, bila wewe kujiandaa. Kidevu kikionekana kimeelekea juu, shusha skrini hadi kitulie, kisha ilaze nyuma kidogo ili kioo kikutazame usoni. Nakala zangu nilizitafsiri mwaka mzima nimenyanyua kidevu hivyo hivyo, nalijua hilo banio lako.

Kama mkono unakufa ganzi au unakosa nguvu, hilo si la meza tena. Nenda hospitali.

MwalimuJinja:
Dada amesema kweli. Niongeze moja tu: skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na mlango au dirisha liwe ubavuni. Mwanga ukikupiga kutoka nyuma ya skrini, au ukimulika kioo, utasogeza uso mbele bila kujijua.

Mchapaji256:
Ganzi hakuna, namshukuru Mungu. Nimepigwa picha. Kidevu kiko juu kama mtu anayesoma bango la ghorofani! Nimetoa rimu zote tatu.

Mchapaji256 (baada ya siku tisa):
Naleta majibu. Skrini iko juu ya meza tupu, nimeilaza nyuma kidogo, nimeigeuza mlango ukawa ubavuni. Siku mbili za kwanza sikuona tofauti. Siku ya nne nilifika saa kumi kabla sijakumbuka shingo. Leo inageuka kulia vizuri, kushoto bado inavuta kidogo.

Ila nikipanga kalenda ya ukutani, macho yanapanda hadi safu ya Januari na kidevu kinafuata. Nifanyeje hapo?

BintiBombo:
Kushusha zaidi huwezi tena, meza ndiyo mwisho. Muulize daktari wa macho kuhusu miwani ya pili ya kazi tu, lenzi nzima iliyopimwa kwa umbali wa skrini yako. Asikupimie kwa kukisia. Chukua uzi, mtu ashike ncha moja kwenye pua yako, nyingine ifike kwenye kioo, ufunge fundo hapo. Nenda nao.

Mchapaji256:
Nimepima sasa hivi, sentimita 62. Uzi uko mfukoni. Kesho duka likifunguliwa namwachia kijana kazi, mimi naenda kwa daktari.