Tupeane uzoefu: Yale ambayo hayakuingia kwenye risala ya mahafali yetu, 2005

Kiranja wa Maji

Wenzangu, habari za miaka? Oktoba hii ya 2025 inatimia miaka 20 tangu mahafali yetu ya kidato cha nne, kwenye shule yetu ya bweni ya wasichana pale juu ya miamba, Mwanza. Jina la shule tusiliandike. Tuliokuwepo tunajuana, na yapo mambo nitakayoyasema huko mbele ambayo sitaki yageuke kuwa ya kuichafua shule iliyonilea.

Tumepanga kukutana Jumamosi ya pili ya Oktoba. Kabla ya siku hiyo naomba kila mmoja aandike anachokikumbuka. Yale ya kwenye risala tuyaache. Risala tuliisoma mbele ya mgeni rasmi: upungufu wa walimu wa sayansi, uzio, gari la shule, akatoa ahadi, tukapiga makofi. Nataka yale ambayo hayakuingia.

Naanza na maji, ndiyo yaliyonipa cheo. Ukisimama mlango wa bweni la juu unaliona ziwa lote mpaka macho yachoke, ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na bombani hakuna tone. Maji yalikuwa yakitoka saa wanazotaka wao, mara nyingi saa nane au tisa usiku. Kwa hiyo jioni tunapanga ndoo foleni, kila ndoo imeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha, halafu tunakwenda prepo. Ndoo inakusimamia wewe ukiwa umelala. Kazi yangu ilikuwa kulala na sikio moja wazi, nikisikia bomba linakoroma napiga kelele, "Majiii!" Bweni zima linashuka vitanda vya juu na vya chini gizani, watu wanapishana na kanga zao, hakuna anayegombana. Niliwahi kukamata mtu amesogeza ndoo ya mwenzake nyuma, nikamfanya achote wa mwisho wiki nzima. Nilikuwa mkali kwa sababu ile foleni ndiyo haki pekee niliyoweza kuigawa kwa mkono wangu.

Mwaka wetu wa mwisho ziwa lenyewe lilirudi nyuma. Kati ya 2004 na 2006 lilishuka sana, mnakumbuka yale mawe ya pwani yaliyokuwa yamezama nusu? Yakasimama nchi kavu na mstari mweupe kiunoni.

Binti Nansio

Kiranja! Sauti yako bado naisikia.

Mimi nilikuja njuka, yaani mwanafunzi mgeni, Januari 2002 kutoka Ukerewe. Meli ilitushusha bandari ya Mwanza Kaskazini, baba akabeba tranka, mimi nikabeba ndoo, godoro, jembe, fyekeo na fagio la chelewa, vyote vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Rimu ya karatasi nilikuwa nimeikumbatia kifuani isilowe. Ndani ya tranka mama alikuwa amenijazia machungwa ya kwetu. Alijua kuwa kule mjini yanauzwa, akaniambia, "Ya kununua hayana mkono wangu."

Usiku wa kwanza nilipofungua tranka bweni lote likanuka machungwa. Dada mmoja wa kidato cha tatu akaja kitandani kwangu. Nilidhani anataka kuninyang'anya, maana njuka tulishatishwa sana tangu nyumbani. Akachukua moja, akalimenya, akanipa nusu, akasema kuanzia leo mimi ni mwanaye. Ndivyo nilivyopata mama wa bweni. Alinifundisha kukunja shuka kwa kona, kuficha sabuni, na kula kande ukianza na mahindi, ubakize maharage ya mwisho mdomoni. Alipomaliza aliniachia beseni lake. Mpaka leo namwita mama, na tumepishana miaka mitatu tu.

Mhaya wa Dirishani

Nilipewa jina hilo kwa sababu kitanda changu kilikuwa dirishani na sikukubali kubadilishana na mtu. Sasa niwaambie kwa nini.

Wote mliotoka Bukoba mlipanda MV Victoria, mnalala njiani, asubuhi mko Mwanza. Mimi mama hakuniruhusu hata siku moja. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, alipoteza dada yake. Kwa hiyo mimi nilizunguka kwa basi, Biharamulo, Geita, mpaka kivuko cha Busisi. Pale kwenye kivuko mama aliniagiza nisimame karibu na ukingo na nisikae ndani ya basi. Nilimtii kila safari.

Nilikataa kuhama dirishani kwa sababu usiku niliyaona maji yale yakiwa na taa. Wavuvi wa dagaa na karabai zao, mstari mrefu kama mtaa. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki, ziwa linabaki jeusi, hivyo sisi wa dirishani tulijua mwezi umefika wapi bila kuangalia juu. Nilikuwa nazihesabu taa mpaka usingizi unanichukua, namwambia mama mdogo kuwa kuna watu huko, hayuko peke yake. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hili.

Na senene! Novemba 2005, katikati ya mitihani ya NECTA, kondakta mmoja aliniletea mfuko getini. Zilikaangwa na mama. Waliokuwa wakisema "mdudu gani huyo" walimaliza mfuko kabla ya mtihani wa Baiolojia.

Kitanda cha Juu

Kupatwa kwa jua! Jumatatu ya tarehe 3 Oktoba 2005, mchana. Mwalimu wa Fizikia alitoboa boksi la chaki kwa sindano akatukataza kabisa kuangalia juu. Tukageuka chini ya ule mwembe wa karibu na bwalo, tukakuta kila tundu la mwanga kati ya majani limekuwa hilali, mamia ya vijua vimekatwa upande, vinatikisika kwenye vumbi na kwenye blauzi zetu nyeupe. Kuku walianza kuelekea bandani. Mwalimu alinyamaza. Mtu aliyetupigia kelele miaka minne kuhusu lenzi na vioo, alinyamaza akashika mkono wake aone hilali ikitembea kwenye ngozi yake.

Mimi leo nafundisha Fizikia. Sababu ni mwembe ule.

Mama Pacha wa Igoma

Vidonge vya kichocho jamani. Tunapangwa mstari, tunasimama kwenye ule mti wa kupimia urefu, kimo chako ndicho kinachosema unameza vingapi. Mimi mrefu, basi ole wangu. Vikubwa, vichungu, na lazima unywe uji kwanza la sivyo unatapika. Halafu tulikatazwa kuoga ziwani, lakini bomba likikauka siku tatu uende wapi? Tulishuka kwenye mawe alfajiri, pimbi wanatutazama. Mijusi ya kichwa chekundu imejianika. Maji ya baridi mpaka meno yanagongana.

Kiranja, umesema kuna mambo utayasema huko mbele. Nadhani najua unalotaka kusema. Liseme.

Kiranja wa Maji

Ndiyo, mama Pacha. Nimeanzisha uzi huu kwa ajili hiyo, na nimelizunguka siku mbili.

Agosti 2004, kidato cha tatu. Mnakumbuka kila tulipofungua shule tulipimwa mimba. Tuliingia chumba cha matroni wanne wanne. Siku ile mwenzetu mmoja alibaki ndani. Alikuwa analala kitanda cha chini yangu, aliyekuwa akinifundisha Hisabati kwa kuchora na kijiti kwenye mchanga wakati tukisubiri maji. Kipanga wa darasa. Kufika saa sita ameshapewa barua.

Mimi na mwenzangu mmoja tuliitwa tubebe tranka lake mpaka getini. Tranka la bluu, kona moja limebonyea. Nilishika mpini wa kushoto. Kutoka bweni la juu hadi getini ni mwendo wa dakika kumi, kuna ngazi za mawe, tunapumzika, tunabadilishana mikono, naye anatembea mbele yetu na godoro kichwani. Dakika kumi, na mimi sikumwambia neno. Tulikuwa tumeambiwa tusiongee naye, kwamba ni mfano mbaya. Mimi niliyejiona mgawa haki wa bweni, nilitii. Tulipofika getini tuliliweka tranka chini, akageuka akaniangalia, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Novemba 2021 serikali iliporuhusu wanafunzi waliojifungua warudi shuleni, nilikuwa kazini. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia. Dada zangu, wapo wanaosema zamani ndiyo ilikuwa sheria, tusijilaumu. Sheria haikunikataza kusema "kwaheri". Hilo ni langu.

Kama yuko mtu anayejua alipo, amwambie namtafuta. Sitaki anisamehe kwa simu. Nataka nimwone.

Binti Nansio

Mimi ndiye niliyeshika mpini wa kulia. Nami sikusema kitu.

Kitanda cha Juu

Darasani kiti chake kilikaa wazi mpaka tunamaliza. Mwalimu wa Hisabati alikuwa anauliza swali gumu halafu anaangalia pale kwanza.

Tranka la Bluu

Nimesoma tangu jana. Mama Pacha ndiye aliyenipa habari. Tunakutana sokoni Mwaloni, mimi nikiwa na magunia ya dagaa yeye akiwa mnunuzi, miaka sita sasa. Nilimkataza asimwambie mtu.

Sikuwa na hasira na nyinyi wawili. Nataka mlijue hilo mapema. Niliposhuka zile ngazi nilikuwa nawasikia mkihema nyuma yangu na nilikuwa nahesabu: nikisikia wanapumzika, na mimi napumzika. Godoro lilikuwa zito kuliko mnavyodhani. Mngeongea ningelia, na nilikuwa nimeapa nisilie mpaka nivuke Busisi. Kwenye kivuko nilikalia tranka. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchemsha akanipa hindi, hakuniuliza chochote, akakaa karibu nami mpaka ng'ambo.

Aliyenipa mimba hakuna aliyeuliza jina lake. Si matroni, si bodi, si nyumbani. Hilo ndilo lililoniuma na bado linaniuma, naliandika hapa kwa sababu mmesema tuandike yasiyoingia kwenye risala.

Binti yangu alizaliwa Januari 2005. Baba hakuongea nami mpaka mtoto alipomshika kidevu. Nilianza na kuanika dagaa za watu, nageuza kwenye mchanga, nalipwa kwa debe. Baadaye zangu. Mwaka 2013 nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikiwa mkubwa kuliko msimamizi. Hisabati nilipata B. Binti yangu wakati huo alikuwa darasa la pili, tulikuwa tunasoma kwa taa moja, yeye upande huu, mimi upande ule. Sasa yuko chuo, anasomea uuguzi.

Ile taarifa ya 2021 niliisikia redioni nikiwa kwenye mizani. Nilimwachia jirani mizani nikaenda kukaa nyuma ya magunia.

Siku hizi sipandi kivuko. Tangu lile daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, navuka ndani ya gari dakika chache, na kila nikipita naangalia chini pale vivuko vilipokuwa vinatia nanga.

Nitakuja hiyo Jumamosi. Ila kuna kitu nauliza. Siku ile niliondoka na tranka na godoro. Ndoo yangu ilikuwa kwenye foleni, nadhani ya nne au ya tano. Nyeupe, jina kwa rangi ya kucha ya zambarau. Ilikwenda wapi?

Kiranja wa Maji

Ilikuwa ya tatu.

Usiku ule maji yalitoka saa nane. Sikuweza kuiruka ndoo yako, wala sikuweza kuiacha tupu. Niliijaza zamu yako ilipofika, na nikaendelea kuipanga kila jioni mpaka tunamaliza, watu wakidhani nachota mara mbili kwa cheo. Mitihani ilipoisha niliondoka nayo. Ipo nyumbani Magu, mama anahifadhia choroko. Mpini ulikatika, kaka akaweka waya. Herufi tatu za mwisho bado zinasomeka.

Tranka la Bluu

Basi mwambie mama asilisugue hilo jina kwa mchanga. Nitakuja kulichukua mwenyewe.